Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyezitembea ramani za zamani za Tabora

Ukiwa Sikonge, Urambo au Nzega na simu yako ina intaneti, unaweza leo hii kuiona bure ramani ya mwaka 1856 inayoonyesha bahari katikati ya nchi hizi zetu. Wachoraji wake hawakuliita ziwa. Waliliita bahari, wakalipa jina la Unyamwezi. Bahari hiyo imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, kichwa kinene na mkia mwembamba, hata wasomi wa London walipoiona wakaifananisha na koa, yule mdudu kama konokono asiye na nyumba.

Ramani za namna hiyo siku hizi zina watu wanaozikusanya. Zile za awali ni ghali na nyingi zimo katika maktaba za Ulaya na Marekani, kwa hiyo wengi wanakusanya nakala pacha, yaani ramani iliyochapwa upya ikafanana na mama yake kwa ukubwa, kwa rangi, kwa herufi na hata kwa makosa. Makosa hayasahihishwi, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Ukisahihisha bahari ya Unyamwezi utakuwa umechora ramani mpya.

Kwa ajili ya makala haya tumezipanga mbele yetu nakala za ramani za njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na kwingineko. Pembeni mwa ramani hizi kuna majina tunayoyajua tangu shule ya msingi: Burton, Speke, Stanley, Cameron. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwepo katika safari zote. Mtu aliyekuwepo katika zote, aliyepita Tabora na kila mmoja wao, aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Maisha yake ndiyo tunayoyasimulia leo.

Mtoto wa Kiyao aliyeuzwa kwa nguo

Bombay alizaliwa takribani mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kusini, eneo ambalo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Habari za utoto wake tunazo kwa sababu yeye mwenyewe alimsimulia Speke, naye Speke akaziandika katika kitabu chake cha mwaka 1864.

Wafanyabiashara kutoka pwani waliwahi kufika kijijini kwao na bidhaa, wakawakopesha wanakijiji. Wakati fulani wakarudi na kundi kubwa lenye bunduki kudai deni. Watu walikimbia, waliokamatwa wakafungwa. Bombay alikuwa na umri wa kama miaka 12. Alipelekwa Kilwa, akabadilishwa kwa nguo, akapakiwa jahazini mpaka soko la Zanzibar. Huko akanunuliwa na Mwarabu mmoja aliyekwenda naye India.

Jina analojulikana nalo si la Kiyao hata kidogo. Sidi ni namna watu wa India walivyowaita watu wenye asili ya Afrika. Mubarak ni la Kiarabu. Bombay ni mji wa India, ambao sasa unaitwa Mumbai. Mtu mmoja amebeba majina matatu, na yote matatu yanaelezea mahali alikopelekwa.

Aliishi huko miaka mingi. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Zanzibar akiwa mtu mzima, Mwislamu, anayezungumza Kihindustani na Kiswahili. Akajiunga na jeshi la Sultani. Alipangiwa kituo kidogo cha Chokwe, karibu na mto Pangani, pamoja na askari wa Kibaluchi. Hapo ndipo Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipomkuta mapema mwaka 1857.

Kwa nini walikuja

Sasa turudi kwa yule koa. Ramani ile ilitengenezwa na wamisionari wawili wa Kijerumani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Wao hawakufika bara huku. Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854, Rebmann alikuwa Rabai karibu na Mombasa, na kazi yao ilikuwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara: ukitoka hapa unapita wapi, unalala wapi, mwisho wa njia unakuta nini? Aliyekwenda kwa njia ya Kilwa alisema mwisho ni maji makubwa. Aliyepita Bagamoyo na Unyamwezi akasema maji makubwa. Wa njia za kaskazini naye akasema hivyo hivyo. Wamisionari wakaona kwamba kama wote wanaishia majini, basi maji ni yale yale. Wakayaunganisha Nyasa, Tanganyika na ziwa la Mwanza kuwa bahari moja.

Ukiwacheka, kumbuka kwamba wafanyabiashara wale walisema kweli tupu. Kosa lilikuwa la kalamu.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliwatuma Burton na Speke kwenda kuhakiki. Burton alijua Kiarabu vizuri na akajifunza Kiswahili. Speke alikuwa ofisa wa jeshi la India, hakujua Kiarabu wala Kiswahili, ila alizungumza Kihindustani cha kambini. Pale Chokwe akapata mtu wa kuongea naye. Ajira ya Bombay ilitokana na ulimi wake.

Siku za kwanza Kazeh

Waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857. Ramani ya Burton, iliyotoka katika kitabu chake cha mwaka 1860, inaonyesha vituo kimoja kimoja: Ugogo penye kutoa hongo, kisha Mgunda Mkali, pori kavu ambalo wapagazi walilivuka kwa haraka kwa hofu ya kiu, kisha Tura, Rubuga, hadi Unyanyembe. Novemba 7, 1857 wakaingia Kazeh.

Wengi wakiangalia ramani hizo hutafuta Tabora wasiione. Tabora ndiyo hiyo hiyo. Makazi ya Waarabu yaliyoandikwa Kazeh yalikuwa hapa, na jina hilo likaja kufifia. Ramani za wakati wa Stanley tayari zinaandika Tabora. Kwa hiyo ukikutana na nakala na hujui ni ya lini, tazama kilichoandikwa hapo katikati: Kazeh au Tabora. Ni njia rahisi ya kuanzia.

Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, na yeye ndiye aliyewaeleza kwa mara ya kwanza kwamba maziwa ni matatu, si moja. Yaani bahari ya koa ilivunjwa barazani Kazeh kabla Burton na Speke hawajaliona ziwa lolote kati ya hayo. Speke na Burton walikwenda kuthibitisha alichosema mwenyeji.

Walifika Ujiji Februari 1858 wakiwa hoi. Burton hakuweza kutembea, alibebwa. Speke macho yaliuma kiasi kwamba alipofika ufukweni aliliona Ziwa Tanganyika kama ukungu. Mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi akiwa na Bombay, wakaenda kisiwa cha Kasenge upande wa magharibi kutafuta jahazi la Hamed bin Sulayyim. Jahazi hawakulipata. Wakapata habari badala yake.

Habari ilihusu mto ulio kaskazini mwa ziwa, mto Rusizi. Speke alirudi Ujiji akimwambia Burton kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda kaskazini. Ingekuwa kweli, huo ungeweza kuwa mwanzo wa Nile, na dunia nzima ya wasomi wa ramani ilikuwa ikiutafuta. Lakini Aprili walipofika Uvira, watoto wa mtemi wa huko wakawaambia mto unaingia, hautoki. Bombay akaeleza kwamba Speke hakumwelewa: Mwarabu alikuwa amezungumzia mto unaoingia ziwani.

Fikiria njia ambayo neno lile lilipita. Hamed alizungumza na Bombay. Bombay akalitia katika Kihindustani alichojifunza utumwani. Speke akalipokea kwa Kihindustani cha jeshini. Kisha likafika kwa Burton kwa Kiingereza. Kati ya kuingia na kutoka kuna kitenzi kimoja tu, na kitenzi hicho kingegeuza ramani ya Afrika. Burton aliandika kumlaumu Speke, Speke naye akatetea alichosikia, na ugomvi huo ulidumu mpaka kifo. Sisi tunaona kwamba kazi ya mkalimani haijawahi kuonekana wazi kama hapo. Ikienda vizuri hakuna anayeitaja, ikipotoka kidogo inaandikwa vitabuni.

Safari ya Mwanza

Juni 1858 msafara ulirudi Kazeh. Burton alibaki kupumzika na kukusanya msamiati. Speke alitaka kwenda kaskazini kuliona ziwa lingine ambalo Snay alilitaja. Julai 9 akaondoka na kikosi kidogo, Bombay akiwa mkalimani wake, na Agosti 3 wakaliona ziwa wakiwa karibu na Mwanza. Speke akalipa jina la malkia wa Uingereza, Victoria. Agosti 25 walikuwa wamerudi Kazeh, chini ya miezi miwili tangu waondoke.

Ramani ya safari ile ilitengenezwa hivi. Kutwa nzima Speke aliandika muda waliotembea na upande ambao dira ilionyesha. Usiku mbingu zikiwa wazi alipima nyota apate latitudo. Urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari aliupata kwa kuchemsha maji, maana maji huchemka mapema mahali palipo juu, na kipimajoto kinaonyesha tofauti. Kwa Ziwa Tanganyika vipimo vilikuwa vimewaangusha, walikosea kwa takribani mita 200. Kwa ziwa la Mwanza Speke alikaribia sana kipimo cha leo, ambacho ni mita 1,134. Ziwa lilikuwa juu vya kutosha kumwaga maji hadi Misri, na hapo Speke akaamini amepata chanzo cha Nile.

Vyombo hivyo havikuweza kumpa majina. Mlima ule unaitwaje, mtemi wa hapa ni nani, maji yale yanaishia wapi: yote hayo yalipitia kinywa cha Bombay. Majina unayoyasoma kwenye nakala ya ramani hiyo, mengine yakiwa yameandikwa kwa namna ya kuchekesha, ni sauti za watu wa Usukuma zilizopita kwa Bombay kabla ya kufika kwenye kalamu ya Speke.

Jambo moja kwenye ramani hiyo halikutoka kwa mtu yeyote wa huku. Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika Speke alichora milima mirefu yenye umbo la mwezi mchanga, akaiita Milima ya Mwezi. Jina hilo lilitoka kwa Ptolemy, msomi wa Misri ya kale aliyeishi yapata miaka 1,700 kabla yake, ambaye ramani zinazofuata kazi yake zinaonyesha Nile ikitoka kwenye milima hiyo. Burton hakupendezwa nayo, na kwa hilo alikuwa na haki.

Mara ya pili, hadi Misri

Mwaka 1860 Speke alirudi na mwenzake James Augustus Grant, na mtu wa kwanza kumtafuta Zanzibar alikuwa Bombay. Januari 1861 walifika Kazeh wakakuta vita kati ya Waarabu na mtemi Mnywa Sere. Wapagazi walikimbia, chakula kikawa adimu, na msafara ukakwama kwa miezi mingi katika eneo hili.

Katika safari hii Speke alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu wake kwa ugomvi wa kazi. Miaka kumi baadaye Stanley aliandika kwamba pengo la meno ya mbele la Bombay lilitokana na ngumi za Speke. Bombay aliondoka kwa hasira, kisha akarudi kazini. Vitabu vya wasafiri hao vinamtaja kuwa mwaminifu na mcheshi, na vilevile mpenda pombe na msahaulifu wa mali. Hatuna sababu ya kumfanya malaika. Lakini aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika pia fimbo, na msomaji asisahau hilo.

Walipita Karagwe kwa Rumanika, wakafika Buganda kwa Mutesa mwanzoni mwa 1862. Julai 28, 1862 Speke akasimama pale maji yanapotoka ziwani kuanza safari ya Nile. Siku chache kabla ya hapo, walipoufikia mto huo, kwa furaha aliwataka watu wake wanyoe nywele na kuoga katika mto huo mtakatifu, alimokuwa nabii Musa akiwa mtoto. Bombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo hayo kwa njozi kama yeye, wanaridhika na maisha ya kawaida. Jibu hilo linatufurahisha kila tukilisoma.

Baadaye, walipokuwa wamekwama Bunyoro, Bombay na mwenzake Mabruki walitangulizwa kaskazini kutafuta kituo ambako msaada ulitarajiwa. Wakakipata, wakarudi na habari njema. Februari 1863 msafara ukafika Gondokoro, kisha Cairo. Huko wale waliobaki na Speke mpaka mwisho walipigwa picha ya pamoja, kisha wakarudishwa Zanzibar kwa meli. Jumuiya ya Jiografia ilimpa Bombay medali ya fedha.

Ziwa Bombay alilikuta na Speke, lakini Speke mwenyewe hakupata raha nalo. Septemba 1864 ilipangwa Speke na Burton wajadiliane hadharani mjini Bath kuhusu Nile. Siku moja kabla, Septemba 15, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa ajali.

Stanley na Cameron

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Zanzibar akimtafuta David Livingstone, akamwajiri Bombay kuwa mkubwa wa askari wake. Juni walifika Kwihara, kilomita chache kutoka mji wa Tabora, kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo. Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, wakazungukia kusini. Naye pia aliwahi kumvua Bombay ukubwa, na akampiga.

Baada ya kuonana na Livingstone Ujiji, Stanley na mzee huyo walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa. Waliukuta Rusizi kwa macho yao. Mto unaingia ziwani, kama Bombay alivyokuwa ameeleza mwaka 1858. Tunajiuliza kama kuna aliyemkumbusha.

Safari ya nne ndiyo ndefu kuliko zote. Machi 1873 Verney Lovett Cameron, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, aliondoka Bagamoyo na Bombay akiwa kiongozi wa watu wake. Agosti walifika Kwihara. Huko wazungu wote walishikwa na homa vibaya. Oktoba ukaingia mwili wa Livingstone, umebebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wale waliobeba mwili wakaendelea na safari kuelekea pwani. Cameron akaamua kusonga magharibi. Mwaka 1874, akiwa Ujiji, alikusanya karatasi alizoziacha Livingstone akazituma pwani, halafu akalizunguka eneo la kusini la ziwa akaukuta mto Lukuga, mahali ambapo maji ya Tanganyika yanatokea kuelekea Kongo. Swali la kuingia na kutoka likapata jibu lake lote, na Bombay alikuwa katika msafara huo pia.

Walivuka Manyema hadi Nyangwe. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, aliwasaidia kushika njia ya kusini. Novemba 1875 walifika Katombela, pwani ya Angola, wakiwa na njaa na matambara mwilini. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu Bombay aingie Kazeh mara ya kwanza. Watu wa msafara walirudishwa Zanzibar kwa jahazi, wakizunguka ncha ya kusini ya Afrika.

Inakadiriwa kwamba kwa jumla Bombay alisafiri karibu kilomita 9,600 ndani ya Afrika, sehemu kubwa kwa miguu. Jumuiya ya Jiografia ilimpa pensheni ya maisha.

Alifariki Zanzibar Oktoba 12, 1885. Mwaka huo huo Februari mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika, na Agosti meli za kivita za Wajerumani zilikuwa zimetia nanga mbele ya jumba la Sultani Barghash. Mwaka mmoja baadaye, Wajerumani na Waingereza walipiga mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, na Wajerumani na Wareno wakakubaliana kwamba mto Ruvuma uwe mpaka. Mistari ile ilichorwa juu ya ramani zilizotokana na safari kama zile za Bombay. Huo wa Ruvuma ulipita katikati ya nchi ya Wayao, huko alikozaliwa.

Ukitaka kuziona au kuwa nazo

Mtu aliyewahi kufanya kazi kubwa kuliko wote kwa nakala pacha za ramani za Afrika ni mwanamfalme wa Misri, Yusuf Kamal. Kati ya mwaka 1926 na 1951 alitoa mkusanyo wa juzuu 16 zenye ramani za Afrika tangu zama za kale. Zilichapwa nakala 100 tu, hazikuuzwa, zikagawiwa maktaba. Hizo huwezi kuzipata kirahisi.

Kinachopatikana kwa simu ni picha za ramani zilizopigwa kwa ubora mkubwa. Mkusanyo wa David Rumsey, unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Stanford Marekani, unaangaliwa bure. Vitabu vya Burton, Speke, Stanley na Cameron havina tena hakimiliki, navyo vimewekwa mtandaoni pamoja na ramani zake, ingawa mara nyingi aliyepiga picha hakuikunjua ramani iliyokunjwa ndani ya kitabu, ukabaki na nusu. Ukipata iliyokunjuliwa, duka la uchapishaji linaweza kukutolea kwenye karatasi kubwa.

Ukiuziwa karatasi unaambiwa ni ya mwaka 1860 kweli, chukua kioo cha kukuzia uangalie rangi. Uchapaji wa kisasa huonyesha vitone vidogo vidogo vilivyopangwa. Vikiwapo, hiyo ni nakala, na bei yake iwe ya nakala. Karatasi kuwa ya njano si ushahidi wa lolote, chai inaweza kufanya hivyo kwa dakika chache.

Kwa anayeanza, tafuta tatu: ya Erhardt na Rebmann ya 1856, ya Burton ya 1860 na ya Cameron iliyo katika kitabu chake cha 1877 kuhusu kuvuka Afrika. Fungua kwanza picha ndogo uone kama ndiyo unayoitaka, kwa sababu ile kubwa inaweza kumaliza bando lako la wiki kabla hujafika Ugogo.